Lugha ya Maswali ya Mtihani

Mtihani hupima mambo mawili: ujuzi wa mwanafunzi, na uwezo wake wa kuelewa anachoulizwa. Jambo hili la pili lapasa kuwa dogo hata lisionekane. Katika mitihani yetu ya fasihi ya Kiswahili limekua mno, likalifunika la kwanza.

Tuchukue swali hili, nililolitunga kwa kufuata sura ya mengi ambayo msomaji amekwisha kuyaona: "Kwa kuzingatia mikabala anuwai ya kihakiki, tathmini namna usawiri wa uhalisi wa kijamii unavyoathiri umbuji wa utungo mteule." Mwanafunzi mwenye dakika 40 akitumia 10 kulifumbua, zimembakia 30 za kujibu. Na kilichofumbwa ni nini? Ni hiki tu: "Chagua shairi moja. Je, mambo ya maisha yasemwayo humo yameuongeza uzuri wake au yameupunguza? Onyesha kwa beti zake."

Wapo watakaosema kwamba hilo la pili ni swali la watoto. Mimi naliona ndilo gumu zaidi. La kwanza laweza kujibiwa kwa ukungu ule ule lililoulizwa kwao: hodari wa kukariri atairudisha mikabala yote, naye msahihishaji atampa alama kwa kuwa amesikia sauti yake mwenyewe. La pili lamdai shairi, na asiyelisoma hana pa kujificha.

Sisemi istilahi zitupwe. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), alishughulika na vina na mizani, maneno ya kifundi yaliyokuwa vinywani mwa watunzi wenyewe. Mofimu nayo haina badala. Ifundishwe kwa mifano, kisha iulizwe. Kosa si neno moja gumu, bali ni sentensi iliyorundikwa maneno sita ya namna hiyo.

Na anayeumia ni nani? Nchini Tanzania mwanafunzi wa sekondari husoma karibu masomo yote kwa Kiingereza. Wingi wa istilahi hizi hukutana nazo chuoni. Aweza kuwa na sikio la ushairi kumshinda mwalimu wake (si ajabu), akaanguka kwa neno "mkabala". Cheti kitasema kwamba hajui fasihi.

Kabla swali halijapigwa chapa, apewe mwalimu wa idara nyingine, aulizwe: hapa mwanafunzi atakiwa kufanya nini? Akisita, lirudishwe kwa aliyelitunga.