Fundi wa Alaimenti

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye springi za koili mbele ikiinuliwa milimita 50, ekseli hujizungusha. Mikono inayoishika kutoka kwenye chesisi huinama, sehemu ya juu ya ekseli hulalia mbele, na kasta, ule mlalo wa kurudi nyuma unaoufanya usukani ujinyooshe, hupungua kwa takriban digrii 2. Kwenye vumbi la Mashuru dereva huenda asitambue. Kwenye lami ya Barabara ya Namanga, malori yakipishana, gari huyumba.

Hapo ndipo fundi wa alaimenti wa Kitengela anapostahili pongezi. Aliye mzuri haanzi na mashine. Hupima upepo wa matairi, kisha hulitikisa gurudumu akisaka kilicholegea, maana kupima gari lililochoka ni kazi bure. Kasta huirudisha kwa bushi zenye tundu lisilo katikati, zinazoingizwa kwa presi; zikigeuzwa upande, ugonjwa huzidi. Ekseli iliyosogea kando hurudishwa kwa rodi ya Panhard inayorefushwa au kufupishwa.

Tou, yaani jinsi matairi ya mbele yanavyoelekeana, hufuata. Klampu za tairodi hulegezwa, rodi huzungushwa mpaka matairi yakaribiane mbele kuliko nyuma kwa milimita chache tu. Futi ya mkononi hutosha, mradi asiwe na haraka. Kemba, yaani mlalo wa gurudumu kwenda ndani au nje, haibadilishwi na kuinua gari lenye ekseli ya kipande kimoja kama hili, ingawa wapo wanaotoza pesa za kuirekebisha. Usukani huwekwa sawa mwisho, kwa rodi inayotoka kwenye boksi lake.