WAV ya bongo

Bandugu wa asosiasi, hapa Luano kuko neno moja ambalo karibu kila mwenye kuchoma CD (ao kugrave, kama tunavyosema) analirudilia: "Geuza kwanza MP3 ikuwe WAV, njo CD italia muzuri." Nimelisikia kwa banafunzi, kwa wenye vibanda vya muziki, hata kwa vijana wa sono wa kwaya. Neno hilo ni bongo. Nalipinga leo nikiwa na CD moja mkononi.

CD yenyewe ilichomwa hapa mjini. Ina nyimbo 16 za gitaa la zamani la Katanga, na kwenye karatasi yake wameandika kwa biki: "WAV, kalite ya juu". Kwa uchaguzi wa nyimbo, nampongeza aliyeitengeneza. Kumuweka Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke pamoja na Edouard Masengo na Losta Abelo ni kazi ya mutu anayejua muziki wa kwetu. Shida iko kwenye sauti.

Sikiliza "Masanga". Mwenda alipiga gitaa kwa vidole viwili: kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinaimba juu. Ukisikiliza kopi safi, unafikiri ni batu wawili wanajibizana, sababu kila kamba inaanza kwa ukali, kisha inazimika na kuachia ingine nafasi. Kwenye CD hii, mwanzo wa kila kamba umefunikwa, kama mutu ameweka kitambaa juu ya gitaa. Fasi zingine unasikia mchakacho mdogo hata mbele ya kidole kugusa kamba.

Hiyo ni alama ya MP3 iliyobanwa sana. MP3 ilitengenezwa Ujerumani, kwa sehemu kubwa kwenye taasisi ya Fraunhofer. Inakata sauti katika vipande vidogo na kutupa kile inachofikiri sikio haliwezi kusikia. Kama nafasi ni kidogo, makosa yanasambaa kwenye kipande kizima, hata mbele ya mlio wenyewe. Sauti ya kwaya inayovutwa polepole inaweza kuficha kasoro hiyo. Gitaa la kukwangua, makofi na chupa inayogongwa haviwezi. Na muziki wetu unaishi paka kwa vitu hivyo!

Sasa tupige hesabu. CD ya muziki inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kwa biti 16, kwa njia mbili: ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya 128 ni ndogo mara 11. Ukiigeuza WAV, faili inavimba na kurudi 1,411, lakini kilichotupwa hakirudi. Ni sawa na kuongeza maji kwenye mboga ya jana: sufuria inajaa, nyama inabaki ile ile.

Tena, programu ya kuchoma inafanya mageuzi hayo yenyewe. Kila CD ya muziki, hata ikitoka kwa MP3, inaandikwa kama sauti iliyofunguliwa. Kwa hiyo neno "WAV" kwenye karatasi halituambii kitu. Cha kuuliza ni hiki: faili ya kwanza ilitoka wapi?

Kama uko na CD ya asili ao kopi safi ya sahani, chukua WAV, ao FLAC. FLAC inapunguza ukubwa, mara nyingi karibu nusu, bila kupoteza hata biti moja. Kama uko na MP3 tu, tafuta ile kubwa kuliko zote, ichome vile ilivyo, na uandike kwenye karatasi: "kutoka MP3". Wimbo uliorekodiwa kwa mesaje ya sauti ya WhatsApp usiuite kopi; ile imebanwa kwa ajili ya maneno, si gitaa.

Mutu atanijibu: "Ndani ya taksi, na kelele ya motere, nani atasikia tofauti?" Ana haki. MP3 ya 320 inadanganya masikio mengi hata nyumbani. Kwa njia, weka MP3 kwenye CD ya data: ile ya muziki inabeba dakika 80, hii itabeba zaidi ya saa 11 kwa 128, kama redio ya motokari inaisoma. Lakini CD ya njia ni ingine, CD ya kutunza ni ingine.

Kutunza njo kunanisumbua. Hugh Tracey alimrekodi Mwenda mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Mkusanyo wa Tracey uko Afrika Kusini, Makhanda. Mwenda alikufa mwaka 1990 kwa aksida ya barabarani Zambia, hatapiga tena. Hapa kwetu anapita mkono kwa mkono: CD inageuzwa MP3, MP3 inachomwa CD, na kila mzunguko unatupa kitu. Kesho mutu ataona "WAV, kalite ya juu", ataamini, na atafuta faili ingine iliyokuwa bora kuliko hiyo.

Kwa kwaya za leo ni hatari zaidi, juu hakuna Makhanda inayozitunza. Mara nyingi fundi anafuta WAV ya kweli ili apate nafasi kwenye diski, anabakiza MP3. Ile WAV ilikuwa ya asili, na imekwisha.

Hukumu yangu: nyimbo nzuri, karatasi ya uongo. Mwenye CD hii angeandika tu "MP3 128", ningemshukuru mara mbili. Na nyinyi wenye kwaya, mbele ya kumlipa fundi makuta ya mwisho, mumuombe FLAC ao WAV ya kwanza, muiweke fasi mbili. CD peke yake inakwaruzika, na kuchomwa kwake si milele.