Mboji Iliyotulia: Kuipima kwa Pua, Mkono na Mbegu

Kwenye vitalu vya miche vya Nairobi na Dar es Salaam, mifuko ya mbolea ya nyungunyungu siku hizi huwekwa jirani na samadi ya ng'ombe, kwa bei iliyo juu zaidi. Wateja wengi wanaishi ghorofani. Wamepanda sukuma wiki, nyanya au dania kwenye ndoo na viroba roshani, na sasa wanataka kuuhuisha udongo wa msimu uliopita badala ya kuumwaga. Nia yao ni njema kabisa. Lakini ndani ya ndoo ya lita 20 mzizi hauna pa kukimbilia, na mbolea mbovu ikishachanganywa humo haitoki tena. Ipime kabla hujailipia.

Watu huuliza kwanza ina naitrojeni kiasi gani. Swali hilo lilifaa mbolea za chumvichumvi. Mimi humtafuta muuzaji ambaye mboji yake imetulia: haipati moto, haiozi, na huwezi kujua ilitokana na nini. Ukiona bado ganda la ndizi au kipande cha nyasi chenye umbo lake, kazi haijaisha.

Chota kiganja kimoja ukinuse. Mboji iliyoiva hunuka ardhi iliyonyeshewa mvua ya kwanza, kwa kuwa harufu zote mbili zinatokana na jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Ukali wa amonia, ule wa mkojo wa zizini, unaonyesha kuwa samadi imefungwa mfukoni ingali mbichi, na naitrojeni unayoilipia inapotelea hewani. Harufu ya yai viza ni mbaya zaidi: humo hewa iliisha, maji yakazidi. Mfuko wa namna hiyo mwachie mwenyewe.

Kisha ufumbate. Donge lishikane bila kutoa maji, na likiguswa kwa kidole livunjike. Rangi iwe kahawia iliyokolea. Weusi unaong'aa na kuteleza unatokana na kuozea majini. Chembechembe zake ziwe laini na zilingane, kama mashapo ya kahawa. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, koroga taratibu, uache itulie. Kinyesi halisi cha nyungunyungu hushikilia chembe zake hata majini. Tope likitanda glasi nzima na mchanga ukajaa chini, umeuziwa udongo wa shambani kwa bei ya mboji.

Usidanganywe na minyoo wengi wanaojinyonganyonga mfukoni. Wakiwa wengi bado wana chakula, na penye chakula hapajaiva. Vifuko vichache vya mayai, vidogo na vyenye umbo la ndimu, ni dalili njema. Mabuu ya nzi askari mweusi ni habari nyingine: mbolea yao huuzwa pia na ina kazi yake, lakini ni kali zaidi, na haifai kuitwa ya nyungunyungu.

Muulize muuzaji anafuga aina gani. Eisenia fetida, mwekundu mwenye pete za manjano, hustawi kati ya nyuzi 15 na 25, hivyo Nairobi, Arusha na Mbeya zinamfaa. Eudrilus eugeniae, mkubwa wa rangi ya zambarau aliyetokea Afrika Magharibi, ndiye wa joto la Mombasa na Dar es Salaam. Mfugaji asiyejua ana nani hawezi kujua kama wanaumia.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mbegu. Changanya mboji na mchanga uliooshwa, nusu kwa nusu, uweke kwenye makopo mawili; makopo mengine mawili yajaze udongo unaoujua kuwa salama. Panda maharage kote, mwagilia sawasawa, na usubiri mpaka majani halisi ya kwanza yafunguke. Mbegu zikikataa kuota au ncha za mizizi zikiungua, chumvi imezidi au mboji ni mbichi. Lakini tazama zaidi majani. Yakijikunja kama kikombe na shina likapinda, shuku dawa za magugu kama aminopiralidi na klopiralidi. Dawa hizo hupuliziwa malisho, hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuvunjika, na hubaki ndani ya samadi hata baada ya kuozeshwa. Nyungunyungu hawafi kwa ajili yake, kwa hiyo mfugaji mwaminifu anaweza kukuuzia sumu bila kujua. Maharage na nyanya hufichua kiasi kidogo mno. Hakuna pua wala mkono wa kuligundua hilo, na ndiyo sababu sinunui viroba vingi kabla ya kupanda makopo.

Udongo wa zamani nao una haki ya kupimwa. Umwage juu ya turubai uchunguze mizizi. Mizizi ya nyanya yenye vinundu imevamiwa na minyoo fundo, viumbe wasioonekana kwa macho, na udongo huo usiurudishe kwenye nyanya. Magamba meupe juu ya udongo ni chumvi: upitishie maji mengi safi mpaka yatiririke chini. Udongo ulioshikana na kuacha mwanya ukutani mwa ndoo umepoteza nafasi za hewa. Utie mkaa wa pumba za mpunga au mawe ya volkano yaliyopondwa. Mizizi mikavu isiyo na ugonjwa iache humohumo, nyungunyungu wataimaliza. Ongeza maganda ya mayai yaliyosagwa, kwani hawana meno na hutumia chembe ngumu kusagia chakula.

Kwa mboji yenyewe, majaribio ya Chuo Kikuu cha Ohio State kwenye mimea ya vyungu yalionyesha faida kubwa ikiwa asilimia 10 hadi 20 ya mchanganyiko. Ukizidisha hapo unaongeza chumvi na kubana hewa. Ndoo tano za udongo mkongwe kwa ndoo moja ya mboji zatosha. Tandaza majani makavu juu, mwagilia, na uiache kivulini wiki mbili kabla ya kupanda, kwani ndoo nyeusi iliyoachwa juani hupita nyuzi 35 na kuwaua nyungunyungu waliomo.

Maji meusi yanayochuruzika chini ya kreti la mfugaji ni maji ya uozo tu. Muuzaji akikupa chupa ya maji hayo kama dawa ya majani, mrudishie, hasa kwa mboga utakayoila mbichi.