KiCad ni nzuri, ila haijui njia ya kwenda steshenari

Ukimuuliza mtu anayejitengenezea bodi za saketi nyumbani atumie programu gani kuchora, siku hizi jibu ni moja: KiCad. Sina ugomvi na jibu hilo. Ugomvi wangu uko kwenye kinachofuata baada ya kuchora, yaani kuchapa mchoro na kumwaga maji machafu. Hapo programu na miongozo inayoizunguka vinamfikiria mtu mwenye printa ya leza mezani kwake. Sisi wa Bukoba na Muleba tunachapa steshenari, na maji yetu yanaishia Ziwa Victoria.

Tuanze na sifa, maana zinastahili. KiCad ilianzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, na mwaka 2013 CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva, kikajiunga kuiendeleza. Ni ya bure, na haikuwekei kikomo cha ukubwa wa bodi. Uzito wa jambo hilo unauona ukiitazama EAGLE, programu iliyofundisha kizazi kizima: Autodesk, kampuni inayoimiliki, ilitangaza mwaka 2023 kwamba itaisitisha Juni 2026. KiCad haina mwenye uwezo wa kuamka asubuhi akaifunga.

Kwa ambao hawaijui njia yenyewe: unachora saketi kwenye kompyuta, unaichapa kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kung'aa, unailaza juu ya bodi yenye utando wa shaba, unapiga pasi. Tona ni unga wa plastiki, kwa hiyo joto linauyeyusha unashika shaba. (Printa ya wino wa maji haifai kwa sababu hiyo hiyo.) Kisha unaloweka bodi kwenye kemikali. Shaba iliyo wazi inaliwa, iliyofunikwa na tona inabaki kuwa njia za umeme. Unatoboa matundu, unalehemu vifaa, kazi imekwisha. Kwenye maelezo, lakini.

Asilimia 3 zinazoua bodi

Chukua mfano wa kawaida: kijana wa Muleba anataka kidhibiti joto cha mashine ya kutotolesha vifaranga. Amechagua chipu ya ATmega328P, ile ya Arduino, yenye miguu 28. Anahifadhi mchoro kama PDF, anautuma WhatsApp kwa dada wa steshenari, dada anafungua na kuchapa. Dirisha la kuchapa mara nyingi linakuja likiwa limewekwa "Fit", yaani picha ipunguzwe kidogo iingie vizuri kwenye ukurasa. Kwa barua ya maombi ya kazi hakuna anayegundua. Kwa bodi ni msiba.

Piga hesabu. Miguu ya chipu hiyo imepangwa safu mbili, 14 kila upande, na kutoka mguu hadi mguu ni milimita 2.54. Kutoka wa kwanza hadi wa mwisho kuna nafasi 13, sawa na milimita 33.02. Picha ikipungua kwa asilimia 3 tu, inabaki milimita 32.03. Ukianza kwenye mguu wa kwanza, wa mwisho unakosa tundu lake kwa karibu milimita nzima. Sasa jaribu chipu ya miguu 8: nafasi ni 3, kosa ni milimita 0.23, na miguu inaingia bila shida. Ndiyo maana mtu anafanikiwa na bodi yake ndogo ya kwanza, anafeli ya pili iliyo kubwa, halafu anailaumu pasi.

Dirisha la kuchapa la KiCad lina chaguo la 1:1, lakini chaguo hilo halisafiri na PDF hadi kompyuta ya dada. Dawa ni rahisi mno: chora kando ya bodi mstari wa milimita 100 kamili, mwambie anayechapa achague "Actual size", na uende na rula. Mstari usipotimia, usiondoke na karatasi. Programu ingeweza kuweka mstari huo yenyewe. Haifanyi.

"Geuza picha kila mara" ni ushauri mbovu

Miongozo mingi inasema ugeuze picha kama inavyoonekana kwenye kioo kabla ya kuchapa. Sivyo. Bodi nyingi za nyumbani zina shaba upande wa chini, na KiCad inakuonyesha upande huo kana kwamba unautazama kutoka juu, ukipenya bodi. Tayari umegeuka. Pasi inaugeuza mara moja zaidi, unakaa sawa. Ukiugeuza na wewe, unapata saketi iliyopinduka, na chipu haikai mpaka uikunje miguu kinyume.

Kanuni isiyokosea ni hii: andika neno lolote kwenye tabaka la shaba la chini, lile linaloitwa B.Cu. KiCad italionyesha limepinduka. Kwenye karatasi ya steshenari lisomeke kinyumenyume. Likisomeka vizuri, usipige pasi. Fritzing, programu iliyozaliwa chuo kimoja cha Potsdam, Ujerumani, ni dhaifu kuliko KiCad karibu kila mahali, lakini ina sehemu ya kutoa faili mahsusi kwa kutengeneza bodi nyumbani. KiCad ingeiga hilo bila aibu.

Vipimo vya kiwandani

Ukianza mradi mpya KiCad inakupa njia zenye upana wa milimita 0.2 au 0.25, kutegemea toleo. Kiwanda cha Shenzhen kinazitengeneza bila tatizo. Pasi haiwezi, hasa ya mkaa, ambayo joto lake unalikisia kwa kidole chenye mate. Kabla hujachora chochote, badilisha: njia milimita 0.8 hadi 1, na nafasi kati yake isipungue 0.5. Kwa chipu, chagua zile zilizoandikwa "LongPads", ambazo pedi zake ni ndefu na zinavumilia drili inayoteleza. Na kama bodi itawasha taa ya umeme wa TANESCO, ziweke njia za volti 230 mbali na nyingine, milimita 6 au zaidi. Hapo anayeumia ni mtu.

Shaba inakwenda wapi?

Hapa ndipo miongozo inanikera hasa. Inasifia siki, chumvi na haidrojeni peroksaidi kuwa ni "salama, vya jikoni", mwaga tu kwenye sinki. Siki ni ya jikoni, sawa. Shaba iliyoyeyuka ndani yake siyo.

Utando wa shaba kwa kawaida una unene wa mikromita 35. Bodi ya sentimita 10 kwa 10 ina shaba ya takriban gramu 3. Ukiyeyusha theluthi mbili, gramu 2 zimeingia kwenye maji, uwe umetumia siki au feriki kloraidi. WHO inashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 2 za shaba kwa lita. Ili kuzimua gramu 2 zifike hapo unahitaji lita 1,000, simtanki zima, kwa bodi moja. Samaki na wadudu wa majini wanadhurika hata kwa kiasi kidogo zaidi. Mtaro wa Bukoba unaingia Kanoni, na Kanoni unaingia ziwani.

Weka magadi kidogo kidogo hadi povu liishe. Shaba itaganda na kuzama kama tope. Chuja, kausha, fungia tope kwenye chombo, na usilizike kwenye kibanja chini ya migomba. Mchanganyiko wenye peroksaidi usiufunge kwenye chupa, unatoa gesi na unaweza kupasuka.

Bora zaidi, punguza shaba ya kuyeyusha tangu kwenye mchoro. KiCad inaweza kujaza sehemu zote zilizo tupu kwa shaba iliyounganishwa na ardhi ya saketi. Chagua ujazo wa mtindo wa wavu, maana weusi mpana wa tona hutoka na vitobo. Kemikali inatumika kidogo na bodi inaiva haraka. Hiki ni kipaji kikubwa cha KiCad kwa mtu wa nyumbani, na ni nadra kukiona kinaelezwa hivyo.

Hukumu

Kuna atakayesema: kwa nini usiagize China? Agiza, kama mchoro umeshakomaa. Lakini kosa kwenye bodi ya kuagiza unaligundua baada ya wiki kadhaa; kosa la pasi unaliona jioni ile ile, unarekebisha, unarudi steshenari. Kwa anayejifunza, hilo lina thamani.

KiCad inastahili kuwa programu ya kwanza ya kila mwanafunzi wa VETA na chuo hapa Kagera. Ila iingie darasani na mwongozo wa Kiswahili wa kurasa mbili: rula, neno lililopinduka, njia nene, magadi. Huo hausubiri CERN. Tunaweza kuuandika wenyewe.