Eye in the Sky: mtu wa asilimia 45

Mdogo wangu amemaliza elektroniki mwaka huu na ananisumbua na swali moja: aombe masomo ya rada na uchakataji wa mawimbi kwa upande wa ulinzi, ama aache? Kwenye intaneti anaona kampuni za Ulaya zinatafuta wahandisi wa namna hiyo. Mi niko mtu wa agronomia, hilo si shamba langu. Lakini Jumamosi umeme ulirudi, tukakaa wote kuangalia filamu ya Gavin Hood ya 2015, Eye in the Sky. Ilipoisha akasema: "Yaya, mi ntafanya tu mahesabu. Sitafinya kitufe."

Bandugu, namjibu hapa mbele yenu, maana najua si yeye peke yake anayesema hivyo.

Kwa ambao hawajaiona: kanali Muingereza, anayechezwa na Helen Mirren, anawafuata watu wa Al-Shabaab mpaka nyumba moja ya Nairobi. Droni iko juu. Wanaoiendesha wako Nevada, mchambuzi wa picha yuko Hawaii, wakubwa wako London wanabishana kuzunguka meza. Ndani ya nyumba kuna fulana za mabomu. Nje, karibu na ukuta, kasichana Alia kamepanga mikate ya mama yake kwa kuuza. Kombora likipigwa, na yeye yuko hapo.

Watu wanaisifu kwa ajili ya machozi ya rubani, Aaron Paul. Kwangu hapo ndipo filamu inatupoteza. Inatuonyesha kidole juu ya kitufe kwa muda mrefu mpaka tunaamini mzigo wote uko kwenye kidole. Na picha zake ni safi mno! Mbingu za buluu, kila kitu kinaonekana. Aliyewahi kutafuta picha ya kawaida ya satelaiti ya Walungu wakati wa mvua anajua atakachopata: mawingu. Kwa memwari yangu ya lisansi ilibidi nitumie Sentinel-1, satelaiti ya rada ya Ulaya iliyorushwa Aprili 2014, ambayo picha zake ni za bure. Rada inapita ndani ya mawingu, usiku na mchana. Lakini haikuletei sura ya mtu wala ya mahindi. Inatuma wimbi, inasikiliza mwangwi, na ndani ya mwangwi kumejaa makelele. Lazima mtu aseme: kuanzia nguvu hii hiki ni kitu, chini yake ni kelele.

Huo mpaka unaitwa kizingiti. Ukikishusha, unakamata vingi na unakosea vingi. Ukikipandisha, makosa yanapungua lakini adui anapita. Mashine haikichagui yenyewe. Kuna mtu ofisini, na kahawa yake, amekichagua miaka kabla ya vita. Siye wa agronomia tunavyo vizingiti pia: unahesabu mimea iliyoliwa na viwavijeshi kabla ya kumwambia mkulima apige dawa. Nikikosea, mama wa Kabare amepoteza pesa ya chupa moja, na atanitukana vizuri. Kosa la mdogo wangu litakuwa na uzito mwingine.

Ndiyo maana sehemu nzuri kuliko zote ni ile ambayo watu hawaizungumzii. Sajenti Saddiq, anayechezwa na Babou Ceesay, kazi yake ni kukadiria uwezekano wa yule mtoto kufa. Wakubwa wanataka hesabu iwe chini ya 50. Kanali anasimama karibu yake, anamsukuma atafute pembe nyingine, sehemu nyingine ya kupiga, mpaka inatoka 45. Hakuna aliyefinya kitu. Namba tu imesogea, na kombora limepata ruhusa.

Filamu ingekaa hapo zaidi, ingekuwa kubwa. Badala yake inarudi kwenye macho ya rubani. Hata Jama wa Barkhad Abdi, ambaye ndiye pekee anayehatarisha roho yake pale chini, anapewa muda mdogo kuliko ubishi wa London.

Sasa msinifanye adui wa rada. Tarehe 3 Desemba 2013, pale Goma, Umoja wa Mataifa ulizindua droni za Falco, bila silaha, zilizotengenezwa na Selex ES ya Italia. Italia hiyohiyo ina satelaiti za rada za COSMO-SkyMed, ambazo wizara yake ya ulinzi ni mmoja wa waliozilipia. Na ni picha za COSMO-SkyMed ambazo watafiti walitumia kupima jinsi udongo wa Funu, hapa Bukavu, unavyoteleza polepole na nyumba za watu zikiwa juu yake. Mnamo 2022 walichapisha kwamba mji wenyewe, kwa kujengwa pale, umeongeza huo mwendo. Anayejua kusoma mwangwi wa vifaru anaweza kusoma ufa wa Kadutu. Hesabu ni ndugu.

Kuna pia jambo la tumbo. Kazi nyingi za ulinzi kule zinataka uraia na kibali cha usalama. Mkongomani mwenye viza ya masomo anaweza kuishia mlangoni na diploma yake mkononi, wakati volkano, ziwa, mashamba na milima yetu havimuulizi pasipoti. Hilo nimemwambia, akanuna.

Tangu Februari 2025, M23 walipoingia mjini, mlio wowote wa juu unatunyamazisha kwanza. Jana usiku ulipita mmoja, sijui wa nini, tukangoja ukaisha. Halafu mdogo wangu akafungua tena filamu, akaenda moja kwa moja kwa sajenti, akairudisha mara tatu.

"Yaya, kama angekataa kuandika 45, wangemfanya nini?"

Tuliangalia mpaka mwisho. Filamu haisemi.