Mgombea wa Kusindikiza

Wafuatiliaji wa siasa za Afrika Mashariki wanalijua vyema neno kusindikiza. Mgombea wa kusindikiza ni yule ambaye jina lake limo kwenye karatasi ya kura na picha zake zimebandikwa ukutani, lakini hakuna anayemtarajia ashinde, pengine hata watu wa nyumbani kwake. Head of State, filamu ya ucheshi iliyotoka Marekani mwezi Machi 2003, imejengwa juu ya mgombea wa namna hiyo. Anayeitazama leo hukutana na swali ambalo filamu yenyewe haikukusudia kuliuliza: kwa nini mtu mweusi, hata katika mzaha, alihitaji ajali ili afike Ikulu ya Marekani?

Msuko unafunguliwa na ajali ya ndege inayowaua mgombea urais na mgombea mwenza wake, uchaguzi wa 2004 ukiwa umekaribia. Wakubwa wa chama wanapiga hesabu na kuona kwamba mchezo umeshakwisha. Basi wanamsimamisha Mays Gilliam, diwani wa kata ya tisa jijini Washington. Nafasi hiyo inaigizwa na Chris Rock, ambaye ndiye pia mwongozaji, na aliyeiandika hadithi pamoja na Ali LeRoi. Diwani atashindwa, chama kitasifiwe kwa kumpa nafasi mtu mweusi, na Seneta Bill Arnot atakuwa amesafishiwa njia ya kugombea mwaka 2008. Jiji la Washington, kwa kweli, lina kata nane tu, na wakazi wake hawana mbunge hata mmoja mwenye haki ya kupiga kura katika Bunge la nchi yao. Kejeli hiyo ilikuwa mlangoni pa filamu, nayo ikapita bila kubisha hodi.

Hesabu ya wakubwa wa chama ndiyo tashtiti kali kuliko zote zilizomo. Hakuna kati yao anayemtukana Gilliam. Wanamtabasamia, wanamvalisha suti, wanamwandikia hotuba. Dharau yao imo katika ukarimu, na hapo Rock anaonyesha kuielewa Marekani kwa undani. Jicho hilo hilo linaonekana siku ya uchaguzi: habari zinapotangazwa kwamba diwani huenda akashinda, wapiga kura weupe wanatoka mbio majumbani mwao kuwahi vituo. Ni mzaha wa sekunde chache usio na maelezo yoyote, nao unasema juu ya hofu ya wapiga kura jambo ambalo wachambuzi wengi hulizungukazunguka.

Shida inaanza pale ambapo filamu inamtafutia shujaa wake njia ya kushinda. Inachoona ni kwamba inatosha atupe hotuba za kuandikiwa, avae nguo za mtaani, aseme kama wasemavyo watu wa kwao, na kura zitakuja zenyewe. Hotuba yake juu ya watu wanaofanya kazi katika miji wasiyomudu kuishi ina ukweli unaouma. Katika mdahalo pia, anapoitwa mwanagenzi, anakubali, kisha anaorodhesha maovu ambayo yeye ni mwanagenzi kwayo. Hapo ucheshi na siasa vinashikana barabara. Lakini kati ya jukwaa na sanduku la kura hamna watu wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba, wala mapatano na wasiokubaliana naye. Kakaye Mitch, mgombea mwenza anayechezwa na Bernie Mac, anachekesha kwa kuwapiga watu makofi, na baada ya kofi la tatu mtazamaji amekwisha kuelewa. Mwanamke aliyemwacha Gilliam, kila akirudi, hubururwa na walinzi; huo ni uvivu wa uandishi.

Pengo hilo lina historia. Mwaka 1972 ilitoka The Man, filamu isiyo ya ucheshi, ambamo James Earl Jones anakuwa rais mweusi baada ya Rais na Spika kufa jengo lilipoporomoka. Mwaka huo huo Shirley Chisholm, mbunge mweusi kutoka Brooklyn, alikuwa akizunguka nchi kuomba uteuzi wa chama cha Democratic. Jesse Jackson akafuata mwaka 1984, na tena 1988. Hawa hawakusubiri mtu afe. Sinema iliwaona, ikachagua ajali.

Msomaji aliyelelewa na hadithi za Abunuwasi atamtambua Gilliam mara moja: mnyonge mwenye ulimi, anayemuumbua mkubwa mbele ya baraza lake. Abunuwasi, hata hivyo, hamalizi hadithi akiwa sultani. Akishamwaibisha mtawala hurudi kwake, na kiti hubaki na mwenyewe. Rock alithubutu kumketisha mcheshi kitini, na kwa hilo anastahili sifa. Alichokosa ni la kumpa afanye baada ya kuketi.

Filamu ilipotoka, Barack Obama alikuwa seneta katika bunge la jimbo la Illinois, akitokea Chicago, jiji lile lile anakotoka Mitch wa kubuni. Ule mwaka 2008 aliotengewa Seneta Arnot ukamwangukia yeye, baada ya kampeni ndefu ya mtu aliyepima kila neno, kinyume kabisa cha Gilliam. Kenya, nchi ya baba yake, ilipumzika tarehe 6 Novemba kwa amri ya Rais Kibaki. Miaka minane ya kutawala ilifuata, yenye bajeti, vita, sheria ya bima ya afya na lawama kutoka pande zote. Katika Head of State hakuna hata siku moja ya namna hiyo: ushindi ukishatangazwa, kinachobaki kuonekana ni mlima Rushmore, sura ya Gilliam imekwisha kuchongwa mwambani pamoja na za marais wengine, mapambo ya kung'aa yakiwa juu yake.