Kiswahili Katika Ziara ya Mengo: Uhakiki wa Simulizi la Muongozaji

Ziara ya kihistoria ni matini. Ina msimulizi na hadhira, ina mahali inapoanzia na mahali inapoishia, na kama matini nyingine yoyote ina mambo inayoyataja na mengine inayoyapita kimya. Kwa mtazamo huo nataka kuihakiki ziara ya Mengo, mji mkuu wa kale wa Buganda, ambayo nimeifanya mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Tulisimuliwa kwa Kiingereza, tukapiga picha, tukanywa soda, tukapanda basi. Mara ya pili nilikwenda na wenzangu watatu wa darasa la Kiswahili. Tulimwomba muongozaji, mzee mmoja mcheshi mwenye kofia ya kitambaa, atusimulie kila kitu kwa Kiswahili. Alicheka, akatutazama mmoja mmoja, akasema sawa, wanangu, twende.

Zamani mji mkuu wa Buganda ulihama kila alipotawazwa Kabaka mpya. Mwanga II aliweka makao yake Mengo mwaka 1885, na hapo ndipo ulipotulia. Mpangilio wake bado unasomeka vizuri ukisimama juu. Upande mmoja kuna Lubiri, yaani boma la mfalme. Upande wa pili kuna Bulange, jengo la bunge la Buganda. Na katikati barabara iliyonyooka kama uzi. Barabara hiyo inakatizwa na mzunguko wenye lango ambalo Kabaka peke yake hupita moja kwa moja. Sisi wengine tunazunguka. Nadhani hakuna maelezo ya madaraka yaliyo mafupi kuliko hayo.

Jumba la Twekobe lenyewe tulilitazama kwa nje tu, kwa hiyo simulizi ilikimbilia kule ambako mgeni anaruhusiwa kuingia: vyumba vya zege vilivyochimbwa ndani ya kilima, ambamo watu walifungwa na kuteswa enzi za Idi Amin. Hapo Kiswahili cha mzee kilichangamka. Alitusimulia jinsi jeshi la Obote, likiongozwa na Amin, lilivyolishambulia boma tarehe 24 Mei 1966, na jinsi Kabaka Mutesa II alivyoruka ukuta akatoroka hadi uhamishoni Uingereza. Halafu wanajeshi wakaligeuza boma kuwa kambi. Amri, risasi, kaa chini, toka nje, fungua mlango: maneno hayakumpiga chenga hata kidogo. Aliigiza hata sauti zao.

Simulizi ilikuwa nzuri, na hapo ndipo penye shida. Katika hadithi yote ile, kila aliyefungua mdomo kusema Kiswahili alikuwa ameshika bunduki. Kabaka hakukisema, mpishi hakukisema, wala mfanyabiashara. Mimi ninatoka upande wa Arua, na ninajua sura ya muuza duka wa Kampala anaposikia Kiswahili changu na kukisia nyumbani ni wapi. Amin alitoka West Nile. Ndiye aliyekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kwa amri. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini lugha ninayoisomea shahada inanitangulia mlangoni ikiwa imevaa buti.

Simsingizii mzee nia mbaya. Aliyoyasema yalitokea, na watu walikufa ndani ya vyumba vile. Ninachohakiki ni uteuzi. Wakati wa Mutesa I, baba yake Mwanga, Kiswahili kiliingia ikulu kwa mguu wa biashara na kwa kitabu, miongo mingi kabla ya kambi ile. Mutesa mwenyewe alikizungumza. Stanley alipoondoka baada ya ziara yake ya mwaka 1875 alimwacha kijana aliyesomeshwa na wamisionari wa Zanzibar, Dallington Maftaa, ambaye alimsomea Kabaka Biblia kwa Kiswahili. Wamisionari Waingereza walipofika mwaka 1877, Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja. Ushahidi haumo kwenye maktaba pekee. Mganda anayesema hakijui Kiswahili ataandika ebbaluwa, atasoma ekitabo, atakaa kwenye emmeeza na kufungua eddirisa ili ajue ni essaawa ngapi. Sielewi kwa nini mambo haya hayapewi hata dakika tano katika ziara, ilhali handaki linapewa nusu saa. Labda ni kwa sababu neno la mkopo halipigiki picha.

Hata hivyo, wenzangu wanafunzi wa Kiswahili nao wana simulizi yao yenye mapengo. Katika semina zetu husemwa kwamba Waganda walikikataa Kiswahili kwa majivuno, basi. Mfano unaotolewa ni Kabaka Daudi Chwa II, aliyepinga kwa maandishi mwaka 1929 mpango wa Gavana Gowers wa kukieneza Kiswahili katika shule na utawala. Lakini miaka ile ile palikuwa na mjadala wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki chini ya serikali moja, na Waganda waliogopa kumezwa na walowezi wa Kenya na kunyang'anywa ardhi. Kiswahili kilionekana kama kamba ya kuwavutia huko. Mtu anayeilinda ardhi yake na lugha yake anafanya kitu tofauti na majivuno, na mwalimu atakayepelekwa kufundisha Kiswahili Buganda bila kujua tofauti hiyo atashangaa kwa nini darasa limenuna. Baraza la Mawaziri limeshapitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima. Lazima! Neno hilo nalo tungelitafutia mbadala.

Kutoka Lubiri tulipanda bodaboda hadi Kasubi, kilima kingine, walikolazwa wafalme wanne. Nyumba kuu iliungua mwezi Machi 2010, na nilipokuja na shule tuliambiwa tu kwamba inajengwa upya. Sasa paa kubwa la nyasi limerudi. Hapa Kiswahili cha mzee, kilichotiririka kule handakini, kilianza kuchechemea. Nyuma ya pazia la kitambaa cha gome la mti kuna mahali paitwapo Kibira, yaani msitu. Kabaka huingia msituni, hasemwi vinginevyo. Mzee alianza vizuri na Mutesa I, akafika kwa Mwanga aliyepelekwa na Waingereza uhamishoni Shelisheli. "Huko, mwaka 1903, ame... amekufa," alisema, akasita, akashika kofia yake, akamalizia sentensi kwa Kiganda kwa sauti ya chini.

Tulikaa kwenye nyasi nje tukijaribu kumsaidia. Amefariki? Linafaa kwa mtu yeyote. Ametutoka? Ni la gazetini. Ametawafu? Mzee alilipenda mlio wake, ila akauliza kama si la masheikh. Mwenzetu mmoja, Mganda wa Masaka, akakumbusha kwamba langoni mwa Lubiri huwashwa moto usiozimwa maisha yote ya Kabaka, na kwamba Kiganda husema moto wa Buganda umezimika. Kwa nini tusiseme hivyo hivyo kwa Kiswahili? Mzee alilitafuna hilo kidogo. Kisha akavuta pumzi na kuendelea na mfalme aliyefuata, yule yule aliyeandika kukipinga Kiswahili: "Daudi Chwa alitawala tangu akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1939 moto wa Buganda ukazimika."